Waya ya Sola: Kagua Kabla Hujaweka PIN

Mtu akipanga kuweka sola nyumbani, maswali yote huenda kwenye paneli na betri. Paneli ni wati ngapi? Betri ni ya lithiamu au ya asidi? Garantii ni ya miaka mingapi? Waya huja mwisho kabisa. Fundi anasema, "Na mita 30 za waya," mteja anauliza ni pesa ngapi, pesa inatumwa, basi.

Kwa mteja wetu wa Jego mambo huwa magumu zaidi kidogo. Duka la karibu huenda likawa na waya ya taa tu. Kinachobaki ni kuagiza Lunga Lunga, Msambweni, Ukunda au Mombasa. Mara nyingi pesa huenda kwa simu kwanza, halafu mzigo unapandishwa matatu. Yaani unalipia kitu ambacho hujakiona. Na hata ukikiona, ile sehemu unayolipia hasa, shaba, imefichwa ndani ya plastiki.

Sisi kazi yetu ni malipo, lakini malipo salama hayaanzii kwenye PIN. Huanzia kwenye kujua unalipia nini. Kwa hiyo leo tunazungumzia mambo mawili: jinsi ya kutambua waya ya kuaminika, na jinsi ya kupanga malipo ili waya ikija mbovu uwe na pa kushika.

Kwa nini waya mbovu hutuumiza zaidi huku pwani

Sababu ya kwanza ni paa. Nyumba nyingi za Kwale zina makuti, na hata zenye mabati mara nyingi huwa na jiko au banda la makuti ubavuni. Waya ikibeba umeme mwingi kuliko uwezo wake hupata moto, plastiki inayeyuka, na cheche moja kwenye makuti makavu ya Januari haisubiri mtu achote maji.

Sababu ya pili ni chumvi. Jego iko upande wa Vanga, karibu na bahari na mikoko. Hewa ya huku ina unyevu na chumvi, navyo hula vyuma kwenye maungio. Shaba hugeuka kijani na kuwa nyeusi. Alumini hufanya ukoko mweupe unaozuia umeme kupita. Pale umeme unapopita kwa shida ndipo joto linapozaliwa.

Sababu ya tatu ndiyo wengi hawaijui. Sola ndogo za nyumbani hutumia volti 12, ilhali stima ya kawaida ya nyumbani Kenya ni volti 240. Ili upate wati zilezile kwa volti 12, mkondo, yaani ampia, lazima uwe mkubwa mara 20. Wati 60 kwenye stima ya volti 240 ni robo ya ampia. Kwenye betri ya volti 12 ni ampia 5. Waya ambayo ingetosha kabisa kwa stima ya kawaida, kwenye sola inaweza kuwa nyembamba mno.

Kwale ni miongoni mwa kaunti 14 zilizolengwa na KOSAP, mradi wa serikali wa kufikisha sola mahali ambapo laini za stima hazijafika. Sola huku si mambo ya mapambo. Ndiyo taa ya mtoto ya kusomea, ndiyo chaji ya simu, ndiyo friji ya samaki. Ikizimika kwa sababu ya waya, hasara ni ya kweli.

Hesabu moja ambayo kila mnunuzi anaweza kufanya

Waya ndefu au nyembamba hupoteza volti njiani, kama mpira mwembamba wa maji unavyopunguza kasi ya bomba. Unaweza kujua ni volti ngapi zitapotea kabla hujanunua. Chukua kikokotoo cha simu:

Ampia × mita za kwenda na kurudi × 0.018 ÷ unene wa waya kwa milimita mraba = volti zinazopotea.

Tuseme betri iko sebuleni, na TV pamoja na taa ziko mita 10 kutoka hapo. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Mzigo wote ni ampia 5. Kwa waya ya shaba halisi utapata hivi:

- Waya ya 1.5: hupotea volti 1.2
- Waya ya 2.5: hupotea volti 0.72
- Waya ya 4: hupotea volti 0.45
- Waya ya 6: hupotea volti 0.3

Mafundi wengi hupenda upotevu usizidi asilimia 3 hadi 5. Kwa volti 12, hiyo ni kati ya 0.36 na 0.6. Basi kwa nyumba hii, waya ya 4 ndiyo inayofaa. Ya 1.5 itawasha taa, lakini TV itasumbua jioni betri ikianza kushuka.

Sasa tia alumini iliyopakwa shaba kwenye hesabu hiyohiyo. Waya ya 2.5 ya namna hiyo hupoteza takriban volti 1.1, karibu sawa na waya ya 1.5 ya shaba halisi. Na kama kwenye ganda imeandikwa 2.5 lakini ndani ni 1.5 ya alumini, unapoteza kama volti 1.8. Betri ya asidi iliyofika nusu huwa na volti kama 12.2. Ukitoa 1.8, TV inapokea 10.4, na vifaa vingi vya volti 12 hujizima kabla ya hapo. Wewe utadhani betri imekufa. Utanunua betri mpya, na tatizo litabaki palepale ukutani.

Hapo ndipo waya ya bei rahisi inapogeuka kuwa ghali. Watu hubadilisha betri, hubadilisha inveta, hugombana na fundi, na kosa liko kwenye mita 20 za waya.

Waya gani iende wapi

Usikubali kuambiwa "waya ya sola" kana kwamba ni moja. Mfumo wa nyumbani una sehemu tatu, na kila sehemu ina waya yake.

*Kutoka paneli hadi chaji kontrola.* Hii hukaa nje, juani na mvuani. Ganda la kawaida la plastiki hukauka na kupasuka likikaa juani kwa muda mrefu. Omba kebo ya sola yenyewe, yenye ganda mara mbili na nyuzi za shaba zilizopakwa bati. Kwenye ganda lake huandikwa H1Z2Z2-K, na kiwango chake ni EN 50618. Unene wa kawaida ni 4 au 6. Lile bati juu ya shaba ndilo linaloisaidia kupambana na chumvi ya huku kwetu.

*Kutoka betri hadi inveta.* Hii ndiyo inayobeba mkondo mkubwa kuliko zote. Inveta ya wati 1000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwenye betri ya volti 12 huvuta zaidi ya ampia 83. Hapa waya huwa nene kama kidole, milimita mraba 25 au 35, na fupi kadiri iwezekanavyo. Ukiona fundi anaunga inveta kwa waya ya 2.5 kwa sababu "ndiyo iliyobaki", msimamishe.

*Kutoka kontrola au inveta hadi taa na soketi.* Hapa ndipo hesabu yetu ya juu inapotumika. Pima umbali kwa kamba kabla ya kuagiza, usikisie kwa macho.

Jambo moja zaidi: fyuzi ikae karibu kabisa na betri, upande wa chanya. Kazi yake ni kukatika kabla waya haijapata moto. Betri iliyounganishwa chanya kwa hasi kwa bahati mbaya inaweza kutoa mamia ya ampia kwa wakati mmoja. Bila fyuzi, waya inakuwa kama koili ya jiko la stima, tena chini ya makuti.

Majaribio sita ya kufanya dukani au mzigo ukifika

Haya hayahitaji mtambo. Yanahitaji kisu, kibiriti cha gesi, rula, sumaku, mizani na subira ya dakika kumi. Muuzaji mwaminifu hatakukasirikia. Mwambie kwa adabu, "Ami, nikatie kipande kidogo niangalie," na umwone atakavyojibu.

1. Soma ganda. Waya nzuri imechapishwa jina la mtengenezaji, unene, volti na kiwango, na maandishi hayafutiki ukiyasugua kwa kidole chenye mate. Roli yenye lebo ya karatasi pekee, huku ganda lenyewe halina neno, iache.

2. Kwaruza uzi. Menya ncha, kisha kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Shaba halisi, au kopa kama mafundi wanavyoiita, ni nyekundu juu na nyekundu ndani. Ikiwa nyekundu juu halafu nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Lakini kuwa makini: kebo ya sola iliyopakwa bati huwa kinyume, nyeupe juu na nyekundu ndani. Hiyo ni nzuri. Kinachohesabika ni rangi ya ndani, kwa hiyo kata uzi uangalie kichwa chake.

3. Choma uzi mmoja. Fanya hivi nje, mbali na makuti, na ushike uzi kwa koleo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, shaba kwenye 1,085. Uzi mwembamba wa alumini kwenye moto wa kibiriti hulegea, hukunjamana na kukatika. Wa shaba huwa mwekundu, ukiutoa kwenye moto unabaki mzima.

4. Jaribu sumaku. Sumaku ya spika iliyoharibika inatosha. Shaba haivutwi na sumaku. Uzi ukivutwa, ndani kuna chuma.

5. Pima unene. Waya ya 2.5 yenye nyuzi saba, kila uzi una upana wa milimita 0.67. Hakuna haja ya kifaa ghali: zungusha uzi mmoja kwenye kalamu mara 10, mizunguko ikibanana, kisha pima kwa rula. Inafaa iwe kama milimita 6.7. Ukipata kama 5.3, hiyo ni waya ya 1.5 iliyovikwa ganda la 2.5. Kwa waya ya 4 yenye nyuzi saba, mizunguko 10 ni milimita 8.5. Kebo laini ya sola ina nyuzi nyembamba nyingi, kwa kawaida nyuzi 56 za milimita 0.3 kwa kebo ya 4, na 84 kwa kebo ya 6. Hesabu tu.

6. Pima uzito na urefu. Mizani ileile ya nazi na samaki inafanya kazi. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Mita 100 za waya moja ya 2.5 zina shaba ya takriban kilo 2.2, hapo bado plastiki. Za 1.5 zina kilo 1.3, za 4 zina kilo 3.6. Roli nzima ya 2.5 ikiwa na kilo mbili pamoja na ganda, kuna kitu kimeibwa: shaba, unene au urefu. Na uliza roli ni mita au yadi. Yadi 100 ni mita 91 na kitu. Kwa nyumba inayohitaji mita 95, hiyo tofauti ni kurudi dukani.

Alama ya ubora, na jinsi ya kuihakikisha kwa simu yako

Waya inayouzwa Kenya inatakiwa kuwa na alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa. Alama peke yake haitoshi, kwa sababu mwenye kuweza kuchapisha jina la uongo anaweza kuchapisha alama pia. Chini ya alama kuna namba ya kibali. Tuma ujumbe mfupi wenye SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023. Jibu litakuambia kibali ni cha kampuni gani na bidhaa gani. Ukiambiwa ni kibali cha unga au sabuni, umepata jibu lako. Ukitaka kuongea na mtu, KEBS wana namba ya bure, 1545.

Nyaya hutengenezwa hapahapa nchini. East African Cables, kwa mfano, wamekuwa wakitengeneza Nairobi tangu miaka ya 1960. Ila majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi, kwa hiyo jina zuri kwenye ganda lisikufanye uruke yale majaribio sita.

Na wale wanaovuka Horohoro kununua Tanga je? Hakuna ubaya. Bidhaa iliyothibitishwa Tanzania huwa na alama ya TBS, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana kutambua alama za ubora za wenzao. Hakikisha tu umepita mpakani Lunga Lunga kihalali na una risiti. Waya iliyopitia njia za panya, hata ikiwa nzuri, haina mwenyewe siku ikileta shida.

Sasa tufike kwenye pesa

Kosa la malipo tunaloliona kuwa baya kuliko yote ni kutuma pesa yote kwa mtu mmoja, kwa mara moja, bila maelezo. "Nimetuma elfu kadhaa, nifanyie kila kitu." Hata fundi mzuri hapo anawekwa majaribuni, kwa sababu kila shilingi atakayopunguza kwenye waya inabaki mfukoni mwake. Na waya ndiyo rahisi kupunguza, maana itafichwa kwenye paipu na ukutani.

Sisi tunashauri hivi.

Pesa ya vifaa mpe duka, pesa ya kazi mpe fundi. Mwombe fundi akuandikie orodha: aina ya waya, unene, mita, rangi. Nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi, ili kesho fundi mwingine asikosee. Kisha wewe mwenyewe lipa duka. Hili linafaa zaidi kwa wale wanaotuma pesa nyumbani, kijana anayefanya kazi hoteli ya Diani au aliyeko Mombasa. Huna haja ya kusafiri. Unaweza kulipa duka moja kwa moja ukiwa kazini, na mama akapokea mzigo Jego.

Lipa kwa namba ya till au paybill ya duka, si kwa namba ya mtu. Kabla malipo hayajakamilika, jina hutokea kwenye simu. Lisome. Likiwa si jina la duka ulilokubaliana nalo, simama, piga simu kwanza. Ukiambiwa, "Tuma kwa hii namba yangu, till ina shida leo," subiri kesho. Shida za till huisha. Pesa iliyotumwa kwa mtu binafsi ni vigumu kuonyesha kwamba ilikuwa ya waya.

Andika makubaliano kabla ya kulipa. Tuma ujumbe mfupi kwa muuzaji, kwa mfano:

"Nanunua waya ya shaba tupu, 4 mm, nyekundu mita 20 na nyeusi mita 20, yenye alama ya KEBS. Nikikuta si shaba narudisha. Tumekubaliana?"

Ngoja ajibu "Sawa" au "Ndio". Sasa una ahadi yake kwa maandishi. Muuzaji mwenye shaba halisi hajibu ujumbe huo kwa hasira. Anayeanza kuzungusha maneno, "Wewe nunua tu, itakuwa sawa," amekuokolea pesa yako.

Omba picha kabla mzigo haujaondoka. Picha tatu zinatosha: maandishi kwenye ganda, alama ya ubora na namba yake, na kichwa cha waya kilichokatwa. Ukiwa na intaneti, omba video fupi ya uzi ukikwaruzwa. Angalia picha hizo ukiwa hujalipa bado.

Toa arbuni, umalizie mzigo ukifika. Si kila duka litakubali, lakini uliza. Hata ukitanguliza nusu, ile nusu iliyobaki ndiyo inayomfanya muuzaji apokee simu yako. Kama duka linataka pesa yote, basi agiza kwanza mita chache za kujaribu. Mita 5 zikipita majaribio, agiza zilizobaki palepale.

Hifadhi ujumbe wa malipo. Una namba ya muamala, tarehe, saa, kiasi na jina la duka. Usiufute. Piga picha ya skrini umtumie mtu mwingine wa nyumbani, maana simu hupotea. Mwombe dereva wa matatu au mwenye duka aweke na risiti ya karatasi ndani ya mzigo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari liko mfukoni mwako.

Waya imefika na ni mbovu. Ufanye nini?

Kwanza, usiikubali ifungwe. Waya ikishakatwa vipande na kupita ukutani, duka litasema umeiharibu mwenyewe. Fanya majaribio siku ileile mzigo unapofika, mbele ya fundi au jirani, na upige picha.

Pili, piga simu dukani ukiwa na utulivu, uwakumbushe ujumbe waliokujibu. Wauzaji wengi watabadilisha. Wengine hata wao walidanganywa na aliyewauzia, na watakushukuru.

Tatu, wakikataa, una haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo anayohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Waya iliyoghushiwa jina la kampuni inaweza kuripotiwa kwa KEBS, au kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi iliyoanzishwa kwa sheria ya 2008. Hapo ndipo ule ujumbe wa malipo, zile picha na yale makubaliano vinapokuwa ushahidi.

Kuhusu kurudishiwa pesa kupitia huduma ya pesa kwa simu, tuseme wazi. Ukikosea namba, tupigie mara moja, kabla aliyepokea hajatoa pesa. Lakini ukilipa duka sahihi kwa waya mbovu, huo ni mzozo wa biashara. Hatuwezi kuchukua pesa ya mtu kwa sababu mteja anasema bidhaa si nzuri. Tunachoweza kukupa ni rekodi ya malipo yako. Ndiyo maana tunasisitiza kukagua kabla.

Na fundi?

Waya nzuri kwa fundi asiyejua ni kazi bure. Anayeweka mfumo wa sola anatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Madaraja ni T1, T2 na T3, kuanzia mifumo midogo hadi mikubwa. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake, na jina la kwenye leseni lifanane na jina linalotokea unapomlipa.

Mpangie malipo yake pia: kiasi akianza, kinachobaki baada ya mfumo kufanya kazi usiku mzima, na si kwa saa moja mchana jua likiwa kali. Kabla ya kumaliza kumlipa, washa kila kitu kwa nusu saa, kisha gusa ganda la waya na maungio kwa nyuma ya mkono. Vuguvugu kidogo si neno. Moto wa kukufanya uondoe mkono ni ishara ya waya nyembamba au kiungo kilicholegea. Zima kila kitu na umrudishe kazini.

Hifadhi hii kwenye simu yako

- Nimepima umbali kwa kamba na nimefanya hesabu ya volti.
- Fundi ameniandikia aina, unene, mita na rangi.
- Nimetuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023.
- Nimeona picha ya kichwa cha waya, na ndani ni nyekundu.
- Muuzaji amejibu ujumbe wangu wa makubaliano.
- Jina kwenye simu ni jina la duka.
- Nimehifadhi ujumbe wa malipo na kumtumia mtu wa pili.
- Mzigo umefika, nimekwaruza, nimezungusha kwenye kalamu, nimepima uzito.
- Fyuzi iko karibu na betri.

Kama mzazi wako au jirani anapanga kuweka sola na hasomi sana ujumbe wa simu, kaa naye mpitie orodha hii pamoja kabla hajalipa. Mwambie asiwe na haraka ya kuweka PIN, na asimpe mtu yeyote PIN hiyo "amlipie", hata kama ni fundi anayemjua tangu utotoni. Waya ikishapita majaribio, ndipo alipe.